Ngozi inachonyota na madoa hayaondoki: nianze na kitu cha kutuliza au chenye antioksidanti?

Neema_Dom

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, hasa kwa wanaotengeneza vipodozi vya mimea kwa mikono yao, maana wauzaji nimeshawasikiliza vya kutosha.

Niko Dodoma, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Meza yangu iko barazani, kwa hiyo jua la saa nne hadi saa kumi ni langu, na vumbi la saruji juu yake. Kiangazi hiki upepo umezidi. Mashavu yamekauka, nikinawa yanachonyota, na kila kipele kinachopona kinaacha doa jeusi linalokaa miezi. Rangi yangu ni nyeusi ya kawaida, sijawahi kujichubua na sitaki kuanza. Nataka uso utulie na madoa yapungue, basi.

Hapa nyumbani nina vitu vinne: alovera kwenye ndoo uani, chupa ya mafuta ya ubuyu (jirani anakamua mwenyewe), kopo la chai ya kijani, na seramu ya vitamini C niliyoagiza mtandaoni. Rafiki yangu anasisitiza niongeze manjano na karafuu, anasema karafuu ndiyo inayoongoza kwa antioksidanti.

Kila mtu ananiambia "hii ni nzuri kwa ngozi", lakini nzuri kwa kazi gani? Kutuliza ni kitu kimoja na antioksidanti, au ni vitu viwili? Vinachanganywa? Nianze na kipi? Mfuko wangu ni mdogo, nisinunue vitu vya kupanga kwenye dirisha.

MzeeWaMitishamba

Dada Neema usihangaike. Ndimu nusu, asali kijiko, manjano kidogo. Paka, kaa nayo nusu saa, osha. Madoa yanakimbia. Vya dukani achana navyo.

Somo_Ngambo

Neema mwanangu, kabla ya yote, ndimu iache jikoni. Ndugu yangu hapo juu anisamehe, asali simkatalii, lakini huyu binti anakaa juani mchana kutwa. Maji ya ndimu yana pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unazidi) ya karibu 2, ngozi yetu iko karibu na 5. Na ndimu, khasa ganda lake, ina furanokumarini, ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi zinaiunguza. Kwanza panawaka, pengine panatoka malengelenge, kisha panabaki doa jeusi lenye umbo lilelile la pale maji yalipochuruzika. Nimeliona kwenye shingo za wasichana, na kwenye mikono ya wanaokamua ndimu za juisi juani.

Mie kazi yangu ni kusinga maharusi, yaani kuwasugua mwili kwa singo ya maua na viungo, hapa Ng'ambo, Zanzibar, kazi niliyoipokea kwa mama, na miaka mingi nilikaa pia dirishani kwenye duka la dawa. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, nivumilie.

Nianze na karafuu, kwa sababu ndiyo itakayokuonesha tofauti unayoiuliza. Rafiki yako hajasema uongo. Ukiipima maabara, karafuu iko juu kabisa katika viungo vyote kwa nguvu ya antioksidanti. Kinachofanya hivyo ni eugenoli, ambayo peke yake ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu. Lakini eugenoli hiyohiyo ndiyo inayotia jino ganzi, ndiyo inayounguza ulimi ukitafuna karafuu kavu, na kwenye ngozi ni katika vitu vinavyojulikana kabisa kwa kuleta aleji. Umoja wa Ulaya unamlazimisha mtengenezaji aiandike kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika krimu inayobaki mwilini, na 0.01 katika kitu cha kuosha. Sisi huku karafuu ndiyo mali yetu, Pemba imesomesha watoto kwa karafuu, na siwezi kuisemea vibaya. Kwenye singo naitia, lakini kidogo, imesagwa na mawaridi, asumini, langilangi, mpachori na liwa, inasuguliwa mwilini kisha inaoshwa. Uso wenye vipele siupitishii karafuu hata mama wa bi harusi akiniomba.

Umeona sasa? Kitu kinaweza kuwa bingwa wa antioksidanti na bado kikachokoza ngozi. Ni kazi mbili.

Jua likipiga ngozi linazalisha radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni. Zinajitafutia kwa jirani: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Antioksidanti inatoa elektroni yake na mnyororo unakatika hapo. Kwa hiyo ni kinga. Inapakwa asubuhi kabla ya jua, na huisikii ikifanya kazi. Kitu cha kutuliza kinaishughulikia ngozi ambayo imeshachokozeka. Ama kinapunguza zile kemikali ambazo seli zinatumiana kuita uvimbe na muwasho, ama kinafunika tu na kushika maji ili ngozi ipate nafasi ya kujijenga. Hicho unakisikia usiku uleule.

Na usichanganye kutuliza na ubaridi. Mnanaa una mentholi, unapoa usoni mpaka mtu anafurahi, lakini mentholi inachezea tu mishipa inayohisi baridi, na uso uliokauka inaweza kuuchokoza zaidi. Hata liwa, ule msandali, ikitoka kwenye msio, lile jiwe la kuisagia, imelowa marashi, nusu ya ule ubaridi ni maji yanayokauka na kuondoka na joto.

Kwa ngozi zetu kuna jambo zaidi. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani ile rangi yake ya asili, ikichokozwa, iwe kwa kipele, kwa kusuguliwa au kwa asidi, seli za rangi zinamwaga melanini zaidi mahali hapo. Lile doa lako ni alama ya uvimbe uliopita. Ndiyo maana kwa mtu kama wewe kutuliza ndiyo dawa ya kwanza ya madoa, kabla ya hivyo vya kung'arisha. Wanaouza seramu hawalisemi hili kwa sababu seramu ina bei na utulivu hauna.

Sasa vitu vyako.

Alovera ni ya kutuliza. Jeli yake ni maji kwa asilimia 98 hadi 99, na katika kidogo kinachobaki chenye kazi kubwa ni sukari ndefu ziitwazo asemanani. Inapoza, inalowesha, kwa ngozi iliyounguzwa na jua ni nzuri. Antioksidanti yake ni ndogo, usiihesabu. Na haikai: ikishakauka unaona uso unavutika, basi lazima ifuatiwe na mafuta.

Mafuta ya ubuyu umeyapata kwenyewe, Dodoma ni nchi ya mibuyu. Ni ya kulainisha na kuzuia maji yasitoke. Yana asidi za oleiki na linoleiki kwa wingi, na palmitiki inayoyafanya yawe mazito kidogo. Vitamini E imo. Lakini mtu akikwambia yana vitamini C, hapana. Vitamini C iko kwenye ule unga mweupe tunaoulamba. Mafuta yanakamuliwa kwenye mbegu, na vitamini C haiyeyuki kwenye mafuta hata uikoroge usiku kucha. Nimeona chupa nyingi zimeandikwa hivyo na zinaniudhi, kwa sababu mtu analipa akidhani amenunua kinga ya jua.

Chai ya kijani ndiyo pekee katika vinne vyako inayoshika pande zote mbili. Ina katekini, na kubwa yao ni EGCG, ambayo ni antioksidanti kali na pia inapunguza uvimbe. Shida yake ni kwamba haidumu. Chemsha kikombe sasa hivi, kiache wazi mezani hadi jioni, uangalie rangi. Asubuhi ni kijani cha manjano, jioni ni kahawia. Hapo katekini zimeoksidika mbele ya macho yako, ile kazi ambayo zingeifanya kwenye ngozi zimeifanya kwenye hewa. Kwa hiyo maji ya chai ya kijani ni ya kutumia leoleo: yapoe, chovya kitambaa safi cha pamba, weka mashavuni dakika chache. Yanatuliza kweli. Ila usitegemee yakulinde na jua, ya kikombe ni dhaifu mno kwa kazi hiyo.

Seramu ya vitamini C ni antioksidanti tupu, haitulizi chochote. Asidi askobiki yenyewe, ili ipenye ngozi, inahitaji pH chini ya 3.5, na seramu nyingi zina asilimia 10 hadi 20. Kwenye ngozi nzima ni kitu kizuri, sikatai. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliweka asilimia 15 ya vitamini C na asilimia 1 ya vitamini E, wakaongeza nusu asilimia ya asidi feruliki, na kinga ya ngozi dhidi ya jua ikaongezeka maradufu kuliko bila feruliki. Hiyo feruliki iko kwenye pumba za mpunga na za ngano, ni kitu cha mimea. Lakini wewe unachonyotwa kwa kunawa tu. Ukiweka asidi ya pH 3 hapo, utachokoza, na ukichokoza utapata doa. Iweke pembeni kwanza.

Manjano yana kurkumini, antioksidanti na pia inapunguza uvimbe, kwa maandishi ni kamilifu. Kwa vitendo inaharibiwa na mwanga, inapenya ngozi kwa shida, na inatia rangi kola za nguo. Kwenye singo inaoshwa, sawa. Usoni kwako haina haraka.

Kama utanunua kitu kimoja tu, nunua oti, zile za uji. Nasema hivi kwa moyo wangu wote kwa sababu ni rahisi na watu wanazidharau. Zina avenanthramidi, ambazo ni antioksidanti na papo hapo zinakata muwasho, pamoja na beta-glukani inayoshika maji. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliutambua unga wake laini kama kilinda ngozi mwaka 2003. Saga oti kavu kwenye blenda mpaka ziwe kama poda. Pima hivi: kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga. Maji yakigeuka kama maziwa na yakabaki hivyo, umesaga vya kutosha. Unga ukizama chini na maji yakawa meupe juu juu, rudisha kwenye blenda. Lowesha kijiko kwa maji kidogo, paka usoni bila kusugua, kaa nao dakika kumi, suuza kwa maji ya uvuguvugu.

Wiki za mwanzo usiku: oti, kisha alovera, na kabla haijakauka matone mawili matatu ya mafuta ya ubuyu. Asubuhi maji tu, mafuta kidogo, na krimu ya kukinga jua. Hiyo ya mwisho usiikwepe kwa kigezo cha mfuko. Hakuna mmea katika hii orodha unaoifanya kazi yake.

Neema_Dom

Bi Somo, shikamoo, na ahsante sana. Nimesoma mara mbili. Ndimu nimeiacha.

Naomba niulize mambo matatu. Sabuni ninayonawia ni ya mche ya choya, inauzwa kwamba ina antioksidanti, rangi yake ilikuwa nyekundu tangazoni lakini niliyopata ni kama kijivu. Je, niendelee nayo? Pili, seramu yangu ilipofika ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, ni kawaida? Tatu, alovera nikipaka moja kwa moja kutoka kwenye jani nawashwa shingoni. Nilidhani sina bahati nayo.

Ngozi_Moshi

Nakubaliana na Bi Somo karibu kwa yote. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi na wagonjwa wa ngozi, naongeza moja tu kwa sababu ni zito.

Dada Neema, uso unaochonyota kwa kunawa tu nauliza kwanza: umewahi kupaka krimu yoyote ya tyubu kwa vipele, hata kama siyo ya kujichubua? Soma maandishi madogo. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hizo ni steroidi. Mtu akizitumia usoni muda mrefu halafu akaacha ghafla, uso unawaka, unavimba, unatoa vipele, na hapo alovera haitoshi wala oti. Huyo anatakiwa amwone daktari wa ngozi. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wanaofundishwa pale wametawanyika mikoani, kwa hiyo ulizia hospitali ya mkoa wako.

Pia vikopo visivyo na lebo, viogopeni. Usajili wa vipodozi Tanzania uko TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, hata likiitwa "la mimea", hujui limebeba zebaki, haidrokwinoni (zote za kuchubua) au nini.

Na juu ya krimu ya jua: kwa madoa ya ngozi nyeusi, mwanga tunaouona kwa macho nao unachangia, siyo miale ya UV peke yake. Yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, inazuia vizuri zaidi, na haikuachi umepauka kama umepakwa chokaa.

Neema_Dom

Ahsante dada. Nimezitoa tyubu zote kabatini nimesoma, hakuna hata moja ya hizo. Nashukuru umeuliza.

Mkulima_Kericho

Shikamoo Bi Somo, hamjambo wote. Mimi ni mkulima wa chai hapa Kericho. Nimefurahi kuona chai imetajwa, lakini mbona chai ya zambarau mmeisahau? Tunayo aina iitwayo TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wetu wa chai hapahapa Kericho. Majani yake ni ya zambarau shambani kwa sababu ya anthosiani, na juu ya hizo ina katekini kama chai ya kijani. Wageni wanaonunua wanataka kuitengenezea krimu. Ukiichemsha inatoa maji ya zambarau hafifu, ukikamulia limau yanageuka waridi. Je, kwa ngozi inashinda ya kijani?

Somo_Ngambo

Marahaba wote wawili. Muuguzi wetu, umeniziba pengo, swali lako lilitakiwa liwe la kwanza kabisa.

Ndugu wa Kericho, umenipa jibu la sabuni ya Neema bila kujua. Anthosiani hubadilika rangi kwa asidi na alkali, ndiyo maana limau linaigeuza waridi. Choya nayo ina anthosiani, ndizo zinazoipa ule wekundu. Sabuni ya mche inatengenezwa kwa magadi makali na mafuta, na hata ikiiva vizuri pH yake inabaki 9 hadi 10. Anthosiani kwenye alkali hiyo inaacha wekundu, inakwenda kwenye buluu na kijani, kisha inavunjika. Kijivu unachokiona Neema ndiyo mabaki yake. Na hata kama ingesalimika, inakaa usoni nusu dakika na kwenda na maji. Antioksidanti kwenye sabuni ya mche ni hasara. Zaidi ya hapo, hiyo alkali kwenye uso uliokauka ndiyo ninayoishuku kwa kuchonyota. Iache kwa mwili, usoni weka oti, au sabuni ya maji isiyo na povu jingi wala manukato.

Chai ya zambarau na ya kijani, kwa antioksidanti zote zina nguvu na sitazishindanisha. Kwa mtengenezaji, ya zambarau ina faida moja nzuri: rangi inakwambia krimu yako iko wapi. Ikikimbilia buluu au kijani, pH imepanda. Lakini usiitie kwenye krimu kwa kumimina chai ya kikombe. Maji yenye majani ni chakula cha bakteria na ukungu, bila kihifadhi halisi krimu inaoza kabla hujaona kwa macho. Watumie dondoo kavu, waiweke mwishoni krimu ikiwa imepoa, pH kwenye 5, na chupa isiyopitisha mwanga wala hewa. Hao wageni wako waulize kama wanajua hilo kabla hujawauzia kwa bei ya kirafiki.

Neema, seramu ya rangi ya chai imeshakufa. Asidi askobiki mbichi haina rangi au ina unjano hafifu. Ikifika rangi ya chungwa na kahawia imeoksidika, ilikaa kwenye joto la ghala au la gari. Mrudishie muuzaji akikubali. Siku nyingine ukitaka vitamini C, uso ukiwa umetulia kabisa, nunua duka unaloweza kuona rangi kabla ya kulipa, anza na ya asilimia 10, uiweke mahali penye giza na baridi.

Na alovera una bahati nayo, kinachokuwasha ni utomvu. Chini ya ganda la kijani kuna maji ya njano machungu, yana aloini, hayo ndiyo shubiri yenyewe wazee wanayoinywesha ili mtu aharishe. Hayatakiwi usoni. Fanya hivi: chukua jani la nje, la chini, lililonona. Likate kwenye shina kwa kisu safi na ulisimamishe ndani ya glasi, mkato ukiwa chini. Utaona yanachuruzika ya njano, mwanzo mazito, baadaye matone. Liache mpaka yakome, robo saa au zaidi. Kisha kata miiba ya pande zote mbili, chuna ganda la upande bapa, na usiwe bahili: ukichuna jembamba unaacha unjano kwenye jeli. Jeli ioshe kwa maji yanayotiririka mpaka isiwe na utelezi wa njano, inabaki kama kipande cha barafu. Paka unachohitaji. Kinachobaki weka kwenye friji kwa siku chache tu, kikibadilika waridi au kikanuka, tupa. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko na uache usiku mmoja. Ukiwashwa hata baada ya kuosha hivi, basi kweli si yako, na oti zinakutosha.

Uangalie pia kwamba ni alovera ya kupandwa yenye jani pana. Hizi za porini ziko jamii nyingi, nyingine chungu na kali, na biashara yake kuvuka mipaka ina masharti kwa sababu zinaisha maporini.

Neema_Dom

Kumbe ni utomvu! Leo nimelisimamisha jani kwenye glasi, sikuamini ile njano ilivyotoka. Nimejaribu kwenye kiwiko, bado kimya.

Swali la mwisho Bi Somo. Kuna krimu duka la dawa wanasema ina "sika", ya Kikorea, na bei yake imenishtua. Inafaa nijibane?

Somo_Ngambo

Sika ni sentela, jina lake kwenye lebo ni Centella asiatica. Jani dogo la duara kama figo, linatambaa penye unyevu. Wakorea wameipa umaarufu, lakini mzigo mkubwa wa majani wa miaka mingi umetoka Madagaska, kule wanaita talapetraka, na Wafaransa walishaitengenezea dawa ya vidonda tangu karne iliyopita. Ina vitu vinne vinavyofanya kazi: asiatikosaidi, madekasosaidi, asidi asiatiki na asidi madekasiki. Inatuliza, inasaidia ngozi kujijenga, na antioksidanti kidogo imo. Kwa uso wako ningeipa nafasi ya pili baada ya oti, mbele ya seramu yoyote.

Kabla hujajibana, igeuze kopo. Vilivyomo vinaandikwa kuanzia kingi hadi kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinapangwa vyovyote. Ukiiona Centella Asiatica Extract au Madecassoside katika mistari ya mwanzo, na hakuna Parfum (manukato) wala Alcohol Denat. (spiriti) karibu yake, bei inaweza kuwa na maana. Ukiikuta mwishoni kabisa baada ya manukato na rangi, unalipia picha ya jani. Kama kuna yenye Avena Sativa (ndiyo oti) pamoja na sentela, chukua hiyo.

Na kama pesa ni ya kitu kimoja mwezi huu kati ya sika na krimu ya jua, nunua krimu ya jua. Ile yenye rangi aliyoisema muuguzi. Paka ujazo wa vidole viwili kwa uso na shingo, urudie saa saba mchana, na hiyo meza, mwombe bosi wako aisogeze ndani hatua mbili.